Chumvi ya Pinki, Matone ya Jua na Shingo ya Shosh

Wasee, wiki mbili zilizopita nilipitia kwa dadangu pale Rongai nikapata jikoni imebadilika. Ana mimba ya wiki tisa, ya kwanza, na mimba ya kwanza humfanya mtu awe mwanafunzi wa kila mwenye simu na mdomo. Ile pakiti ya chumvi ya kawaida, ambayo mathe amenunua tangu tuzaliwe, ilikuwa kwa pipa la taka. Mahali pake palikuwa na mtungi wa chumvi ya pinki, yale mawe mazuri ya kupigia picha, na bei yake ungenunua unga wa wiki nzima. Kando kulikuwa na kichupa cha matone ya vitamini D.

Nikamuuliza kuna nini. Akasema ameona vidio. Ati ukiwa na mimba changa na vitamini D yako iko chini, thairoidi inaharibika, na thairoidi ikiharibika, ubongo wa mtoto... Akaachia hapo. Macho yalikuwa yameanza kulowa.

Sikumcheka. Kwetu shingo si jambo la mzaha. Shosh alizaliwa huko juu Murang'a, karibu na msitu wa Aberdare, na ana rovu, ule uvimbe wa shingoni ambao shuleni tuliuita goita. Siku hizi anaufunika na leso. Tukiwa watoto tulidhani kila shosh huja na yake, kama vile kila shosh huja na peremende kwa mkoba.

Mimi si daktari, na mnajua hapa kwangu ni mambo ya kitambo tu. Kwa hivyo nilifanya kile najua: nilirudi nyuma. Na manze, nilichokipata kimeninyima usingizi. Dadangu ametupa kitu ambacho watu walihitaji zaidi ya miaka mia moja kukithibitisha, akaweka mahali pake kitu ambacho wanasayansi bado wanabishana juu yake. Kwa bei ya juu, tena.

Kwanza tuelewane kuhusu thairoidi. Ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iko mbele ya shingo chini ya koromeo. Inatengeneza homoni zinazoamua mwili uende kasi gani: moyo, joto, ukuaji, ubongo. Na homoni hizo haziwezi kutengenezwa bila iodini. Sasa sikiza hapa. Mtoto aliye tumboni huanza kutengeneza homoni zake karibu wiki ya 10 hadi 12, na hata hapo ni kidogo kidogo tu hadi karibu nusu ya mimba. Kabla ya hapo anatumia za mama. Ni kama nyumba ambayo haijawekwa stima, imevuta waya kutoka kwa jirani. Kwa jirani taa zikififia, kwako ni giza. Na wiki hizo za mwanzo ndizo ambazo wengi hawajajua hata kama wana mimba, na wengi wetu Kenya kliniki tunaianza tukiwa tumeshapita hapo kitambo.

Hii iodini yenyewe iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1811, huko Ufaransa, vita vya Napoleon vimepamba moto na baruti inahitajika. Bernard Courtois alikuwa na biashara ya kutengeneza shura, kemikali inayoingia kwa baruti, na alikuwa anatumia majivu ya mwani wa baharini. Siku moja akamwaga asidi ya salfa kupita kiasi. Ukatoka moshi wa rangi ya zambarau, ukagandia kwenye vyombo kama vipande vya kioo cheusi. Jina la iodini limetokana na neno la Kigiriki la rangi hiyo.

Miaka 9 baadaye, Geneva. Daktari Jean-François Coindet alijua kwamba tangu zamani watu walitibu rovu kwa majivu ya sponji ya baharini. Wachina walikuwa wakitumia mwani karne nyingi kabla. Coindet akapiga hesabu: sponji inatoka baharini, mwani unatoka baharini, huenda siri ni hii iodini mpya. Mwaka 1820 akaanza kuwapa wagonjwa matone. Shingo zikaanza kupungua, nyingine ndani ya siku chache.

Unajua kilichofuata? Kile kile kinachofuata leo. Fasheni. Watu wakajinunulia, wakajipimia wenyewe, wakanywa bila kuuliza mtu. Kama kidogo kinasaidia, si kingi kitasaidia zaidi? Mioyo ikaanza kwenda mbio, mikono ikatetemeka, watu wakakonda hadi wakatisha. Coindet mwenyewe alilazimika kuonya hadharani kwamba dawa yake isichezewe. Lakini jina la iodini lilikuwa limeshaharibika, na madaktari wengi wakaiogopa kwa miongo. Mwaka 1831 Jean-Baptiste Boussingault, aliyekuwa ameishi milima ya Andes kule Colombia, alipendekeza watu wapewe chumvi yenye iodini ya asili. Katikati ya karne hiyo Mfaransa mwingine, Adolphe Chatin, akapima iodini kwa maji na udongo, akasema palipo na iodini kidogo ndipo palipo na rovu nyingi. Wakubwa wa sayansi wa Paris hawakushawishika. Fikiria hapo: jibu lilikuwa mezani, na lilikaa mezani karibu miaka 70.

Kati ya hapo, Uswisi ilikuwa inaumia. Kwenye mabonde ya Alps rovu ilikuwa kawaida, na kulikuwa na watoto waliozaliwa viziwi, wafupi, wenye akili isiyokua. Daktari wa upasuaji Theodor Kocher wa Bern alikuwa bingwa wa kukata rovu. Mwaka 1874 alimtoa msichana wa miaka 11 thairoidi yote. Miaka ikapita, akaambiwa yule msichana amebadilika. Alipomwona tena, mdogo wake alikuwa amemzidi kimo, naye amebaki na mwili wa mtoto na akili imezubaa. Kocher akawaita wagonjwa wake wa zamani, akakuta karibu wote waliotolewa tezi nzima wameharibika vivyo hivyo. Mwaka 1883 akasimama mbele ya wenzake akaeleza. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel, lakini mimi namheshimu zaidi kwa hiyo siku ya 1883, kwa sababu si wengi hukubali makosa yao wakiwa bado na jina.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Miaka ya 1890 Mjerumani Eugen Baumann akapata iodini ndani ya thairoidi yenyewe. Mwaka 1917, mjini Akron, Ohio, David Marine na Oliver Kimball wakaanza kuwapa wasichana wa shule iodini kidogo. Kati ya 2,190 waliopewa, 5 walipata rovu. Kati ya 2,305 ambao hawakupewa, ni 495. Hapo hata mtu wa kupinga kila kitu ananyamaza. Uswisi, daktari wa kijijini Otto Bayard alikuwa anachanganya iodini na chumvi na kuwagawia familia chache mwaka 1918, na kufikia 1922 jimbo la Appenzell Ausserrhoden lilikuwa linauza chumvi hiyo dukani. Chumvi, wasee. Si kidonge, si matone. Walichagua kitu ambacho tajiri na maskini wote hula kila siku, kwa kipimo kidogo ambacho ni vigumu mtu kujizidishia, kwa sababu ukizidisha chumvi sufuria yenyewe itakukataa. Nadhani hiyo ni mojawapo ya akili kubwa kabisa za karne ya 20, na hakuna mtu ameitengenezea filamu.

Lakini swali la mimba lilikuwa bado. Kila mtu aliona kwamba rovu za mama na watoto wenye ulemavu zinapatikana mahali pamoja. Lakini kupatikana pamoja si ushahidi. Huenda ni umaskini, huenda ni damu, huenda ni maji. Jibu lilitoka mbali sana, Papua Guinea Mpya, kwenye bonde la mto Jimi lililofichika milimani. Mwaka 1966, Peter Pharoah na wenzake walianza kudunga watu sindano ya mafuta yenye iodini, sindano moja inayokaa mwilini miaka. Familia moja ilidungwa mafuta, inayofuata ikadungwa maji ya chumvi tu, hivyo hivyo kwa zamu. (Ndiyo, hiyo sehemu ya maji ya chumvi inaniuma pia. Ukisoma historia ya utabibu utaona kila mara kuna mtu aliyelipa bei ya sisi kujua, na mara nyingi anatoka kijiji ambacho hakikuulizwa.)

Majibu yalichapishwa mwaka 1971. Upande wa maji ya chumvi: watoto 534, na 26 kati yao walizaliwa na ule ulemavu. Upande wa iodini: watoto 498, na wenye ulemavu walikuwa 7. Sasa shikilia hapo. Kati ya hao 7, mama za 6 walikuwa tayari wana mimba siku walipodungwa.

Nilisoma hiyo mara tatu. Dawa ni ile ile, wamama ni wa bonde lile lile. Tofauti ni tarehe. Sindano iliyotangulia mimba iliokoa karibu kila mtoto. Iliyokuja mimba ikiwa imeshaingia, kuna wale ambao iliwachelewa.

Hapo ndipo nilimkumbuka mdogo wa shosh. Shosh alikuwa na kakake aliyemfuata, hakusikia, hakusema, na hakukua kimo. Alifariki kabla mathe hajaolewa. Kijiji kilisema ni laana ya ukoo, na nyanya yao alibeba hiyo lawama hadi kaburini. Siwezi kumpima mtu aliyezikwa, na uziwi una sababu nyingi. Lakini najua milima yetu ni kama ile ya Uswisi: mvua imeosha iodini kwa udongo kwa maelfu ya miaka, ikaipeleka baharini. Shosh ana rovu, na inasemekana mama yake pia alikuwa nayo. Inawezekana kabisa haikuwa laana. Inawezekana ilikuwa punje ndogo ya kitu ambacho wakati huo Waswisi walikuwa wanauziwa dukani.

Kenya nayo ilianza kutia iodini kwa chumvi, na miaka ya 1970 ikawa lazima kisheria. Na msidanganyike kwamba chumvi yetu ina iodini kwa sababu inatoka baharini huko Magarini. Chumvi ya bahari ikikauka hubaki na iodini kidogo sana. Iodini hutiwa kiwandani, kwa makusudi, ndiyo Watanzania huiita chumvi ya madini joto. Na ile ya pinki? Nyingi inachimbwa mgodini Pakistan na kuuzwa bila kutiwa iodini. Soma pakiti. Ya dadangu nilisoma mbele, nyuma na chini. Hakuna.

Sasa tuje kwa haya matone, kwa sababu vitamini D nayo ina historia yake, na haistahili kudharauliwa.

Miji ya viwanda ya Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa na moshi na vichochoro visivyoona jua, na watoto walikuwa na matege hadi miguu inapinda kama upinde. Mwaka 1890 Theobald Palm, daktari Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Japani, aliandika kwamba tofauti ni jua. Hakusikizwa sana. Mwaka 1919 vitu viwili vikatokea karibu pamoja: Edward Mellanby huko London alionyesha kwamba mafuta ya ini la samaki yanazuia matege kwa watoto wa mbwa waliofungiwa ndani, na Kurt Huldschinsky huko Berlin akaponya watoto kwa taa ya miale inayofanana na ya jua. Mwaka 1922 Elmer McCollum alionyesha kwamba ni vitamini mpya, na kwa kuwa A, B na C zilikuwa zimeshachukuliwa, ikawa D.

Halafu? Fasheni tena. Baada ya vita vya pili, Uingereza ilitia vitamini D kwa maziwa ya unga ya watoto, kwa uji wao, na bado wakapewa mafuta ya samaki juu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wakaona watoto wachanga wanatapika, hawakui, kalsiamu imejaa damuni hadi inaumiza figo. Mwaka 1957 serikali ikapunguza vipimo. Unaona? Geneva ya 1820 na Uingereza ya 1950 ni hadithi moja. Kitu kizuri, kisha kipimo kikasahaulika.

Na thairoidi je? Hizi njia mbili zilikutana baadaye sana. Mwaka 1912 Mjapani Hakaru Hashimoto alieleza wanawake wanne ambao thairoidi zao zilikuwa zimevamiwa na chembe za damu za kinga. Mwaka 1956 watafiti wa London walipata kingamwili zinazoshambulia tezi yenyewe. Yaani jeshi la mwili linapiga kambi yake. Vitamini D nayo iligunduliwa kuwa na kazi kwenye jeshi hilo hilo, na hapo ndipo wazo likazaliwa. Tafiti nyingi zimepima damu za watu na kukuta wenye ugonjwa huo mara nyingi vitamini D yao iko chini. Kwa mimba changa pia kuna zilizoona uhusiano, na kuna ambazo hazikuuona.

Lakini kumbuka nilichosema juu ya kupatikana pamoja. Huenda upungufu unaleta ugonjwa. Huenda ugonjwa unaleta upungufu. Huenda mtu aliyechoka kwa sababu ya thairoidi hatoki nje, na asiyetoka nje haoni jua. Vitamini D kwa thairoidi ya mimba changa bado haijapata bonde lake la Jimi. Ile vidio ilichukua "inawezekana" ikaigeuza "ni lazima", kisha ikabandika bei chini. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kila mjamzito apewe vitamini D. Linasema anayeshukiwa kupungukiwa anaweza kupewa yuniti 200 kwa siku. Kichupa cha dadangu kilikuwa kimeandikwa tone moja. Yeye alikuwa anatumia matano.

Nisije nikawadanganya kwamba upande wa thairoidi wenyewe kila kitu kiko wazi. Mwaka 1999 James Haddow na wenzake, huko Maine, walifungua damu za wajawazito zaidi ya 25,000 zilizokuwa zimehifadhiwa. Wakawatafuta wale ambao thairoidi ilikuwa imelegea bila kujua, wakapima watoto wao waliokuwa na miaka 7 hadi 9. Watoto wa wale ambao hawakuwa wametibiwa walikuwa nyuma kwa pointi 7 za kipimo cha akili. Dunia ikashtuka. Lakini mwaka 2012 utafiti mkubwa wa Uingereza na Italia, wa karibu wanawake 22,000, uliwatibu waliopatikana na upungufu na haukuona tofauti kwa watoto wakiwa na miaka 3. Ukichungulia ndani unakuta matibabu yalianza kwa kawaida kama wiki ya 13. Sisemi hiyo ndiyo sababu. Nasema tu kwamba wale 6 wa mto Jimi hawakutoka kichwani mwangu.

Basi nikarudi Rongai na pakiti ya chumvi ya kawaida. Tuligombana kidogo, kwa sababu hakuna mtu hupenda kusahihishwa na kitinda mimba. Aliniuliza, "Kwani wewe umesomea udaktari lini?" Nikamwambia sijasomea, ndiyo maana twende kwa aliyesomea. Na nikamwomba kitu kimoja tu: ukifika kliniki, mwambie muuguzi kuhusu shingo ya shosh. Kwa sababu vile vipimo vya kawaida vya kliniki, damu, mkojo, virusi, havina cha thairoidi, na hakuna mtu atakayejua kwenu kuna rovu kama hujafungua mdomo.

Alimwambia. Muuguzi akaacha kuandika, akauliza maswali mengine matatu, akampeleka kwa daktari, damu ikachukuliwa siku hiyo hiyo. Majibu yametoka juzi: homoni iko mpakani, si mbaya, si nzuri sana. Wanarudia kipimo wiki ijayo na kuangalia zile kingamwili. Vitamini D imepimwa pia, na daktari atasema kama anahitaji na kiasi gani. Vidonge vya madini ya chuma na foliki anameza. Matone yamewekwa juu ya kabati.

Jumamosi shosh alikuja kumwona. Alikaa jikoni akitusikiliza tukieleza mambo ya iodini na Uswisi, huku anapapasa leso yake bila kusema kitu. Nilipofika kwa habari ya kakake nilipunguza sauti. Alinyamaza kwa muda. Halafu akauliza, "Kwa hivyo mama yangu hakukosea mtu?" Nikamwambia sidhani kama alikosea mtu, shosh.

Akatikisa kichwa. Kisha akavuta ule mtungi wa pinki, akaufungua, akachukua jiwe moja akalitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Na hii," akasema, "si ni ya kulamba ng'ombe?"